Jibu Nililosema Halijafika

Mimi huandika polepole. Si kwamba sijui ninachotaka kusema. Mkono wangu huchelewa, na mtu akisimama karibu nami huchelewa zaidi. Katika mtihani wa darasa la nane insha yangu ilikuwa imefika nusu ukurasa karatasi zilipokusanywa. Mwalimu mkuu alisoma matokeo mbele ya wazazi, na mimi nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mama alinishika mkono tukaenda nyumbani.

Miaka minne nilibeba magunia kwenye kinu cha kusaga mahindi hapa mtaani Pioneer. Kisha, bila kuacha kazi, nikajiunga na darasa la watu wazima, lililofanyika alasiri katika shule ya msingi. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mara mbili. Mara ya pili nilipata gredi ambayo chuo cha utabibu kilitaka, bila kuzidi hata kidogo. Niliamua kuomba kozi ya afisa wa kliniki, yule anayekupima na kukuandikia dawa. Huku kwetu kila mtu humwita daktari.

Hapo ndipo tulipokosea. Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwenye ombi hupeleka kitu mbele: ufunguo wa kioski anachotaka kufungua, picha ya mgonjwa, hata mbegu. Mama alipeleka fomu yangu ikiwa imefungwa kwa leso. Pasta aliuliza ni ya nini, Mama akamnong'oneza, naye akaiinua juu.

"Kanisa, sisi hatungoji barua ndio tushukuru. Msalimieni daktari wenu!"

Watu walipiga makofi. Mimi niliangalia viatu vyangu. Fomu yenyewe ilikuwa bado haijatumwa.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina lingine. Akina mama walinionyesha migongo yao njiani. Vijana wa boda waliniona nikitoka kinuni, unga umenijaa hadi kwenye nyusi. "Huyo daktari!" mmoja akapaza sauti. "Hajaanza shule na koti nyeupe ameshavaa!"

Aliyelichukua jina hilo kwa dhati ni mama mwenye duka lililo mkabala na kinu, mjane aliyehamia hapa na mumewe kutoka upande wa Nyeri. Nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani, aliniachia meza yake ya nje nisomee. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye kidole cha mguu kidonda kidogo kama punje ya mahindi. Hospitali hakuitaka. Mumewe aliingia ya mjini akitembea, akatolewa amelala.

"Watu nisiowajua hawatanigusa," aliniambia. "Utanigusa wewe. Hiyo shule utamaliza lini?"

"Mama, hata sijaanza. Nenda tu waangalie."

"Basi anza haraka."

Chuoni tuliitwa wengi. Kwanza tulipewa nusu saa tuandike kwa nini tunataka kazi hii. Karatasi zilipochukuliwa, yangu ilikuwa na mistari sita. Baadaye nikaingizwa kwenye chumba chenye watu watatu. Mwanamke mmoja alishika cheti changu cha darasa la nane.

"Hapa ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, madam."

"Kulikuwa na shida nyumbani?"

"Hapana."

"Sasa ilikuwa nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi huchelewa lakini hufika. "Niliandika polepole," nikasema. Mwanaume aliyekaa kando yake alichukua ile karatasi ya mistari sita, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu siku ya Jumatatu, nikiwa kazini. Tunasikitika, ndivyo lilivyoanza. Nilirudisha simu mfukoni nikaendelea kushika mdomo wa gunia. Jioni nilivuka kwenda dukani kwa yule mjane kununua sabuni.

"Daktari, barua imekuja?"

"Bado, Mama."

Lilikuwa neno rahisi. Kesho yake nikalisema tena. Nilimwambia mama yangu hivyo hivyo, na pasta hivyo hivyo. Wiki tano nilisema bado.

Katika wiki hizo mama wa duka aliacha kusimama. Alikaa kwenye kreti ya soda, mteja akajichukulia mwenyewe unga kwenye rafu. Alianza kuvaa soksi nzito, mguu mmoja tu. Niliiona ile soksi kila siku. Alasiri moja harufu ilinifikia kabla sijafika kaunta, ikipita ile ya sabuni na mafuta ya taa. Nikamwomba avue. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na wekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye kifundo.

"Usiogope," akaniambia, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Nangoja tu barua yako ije."

"Ilikuja, Mama. Hawakunichukua."

"Lini?"

"Wiki tano zimepita."

Alinitazama. Akavuta soksi juu taratibu mpaka ikafika mahali pake.

"Basi tafuta gari," akasema.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kule Plateau kwa pikapu ya mwenye kinu. Muuguzi alinipa fomu nijaze, akasimama karibu yangu akingoja, na mkono wangu ukachelewa kama kawaida.

"Mama, mbona umekaa na kidonda mpaka kikawa hivi?" muuguzi akamuuliza.

"Nilikuwa nangoja daktari wangu."

"Daktari gani?"

Mama wa duka aligeuza uso akatazama ukuta. Mahali palipoulizwa uhusiano wangu na mgonjwa, niliandika jirani.

Walimkata mguu chini ya goti. Siku hizi yuko tena dukani, magongo yake yameegemea rafu. Hakumwambia mtu yeyote kuhusu zile wiki tano, hata mama yangu. Kanisani nilisimama nikasema nimekosa nafasi. Walinipigia makofi, wakasema mwaka ujao, na bado wananiita daktari. Yeye haniiti hivyo. Nikifika kwenye kaunta huniuliza ninataka nini, nami humwambia, naye hunipa.