Mwisho Uliokatwa kwa Wembe

Kazini walimwita Pasi, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, yeye ndiye aliyesimamia ile pasi kubwa ya rola mbili katika chumba cha kufulia cha hospitali, inayomeza shuka lenye makunyanzi na kulitema limenyooka kama karatasi. Ya pili, alikuwa mwepesi wa kupata moto na mzito wa kupoa. Wenzake walishajua: Pasi akiingia asubuhi bila salamu, pita mbali.

Alikuwa amevuka arobaini, ana mume fundi bomba, watoto wako shule za bweni, na maradhi yasiyo na dawa pale hospitalini: vitabu. Si vitabu vyote. Vya mapenzi vilimchosha. Watu wazima wawili wanapendana na hawaambiani, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akatamani kuingia humo awatandike vibao. Vya mafanikio, vile vinavyokufundisha kuamka alfajiri ili uwe tajiri, alivicheka, maana yeye aliamka alfajiri miaka nenda miaka rudi na utajiri hajauona hata kwa mbali. Alichotaka ni vya mambo yasiyokuwepo: majoka, miji inayoelea hewani, vyombo vinavyosafiri baina ya nyota.

Alivigundua humo humo kazini. Kabla ya nguo kutiwa mashinani, ni lazima kukagua kila furushi na kila mfuko, kwa sababu sindano moja ikipita inaweza kumwumiza mtu. Siku moja alifungua furushi la mashuka ya wodi ya wanaume, kikaanguka kitabu kisicho na jalada. Aliuliza wodini ni cha nani, wakamwambia mwenyewe kesharuhusiwa kwenda kwao. Akakifungua huku akingoja mashine isuuze, akakutana na mtu aliyetua kwenye sayari ambako watu hawana sauti. Wanazungumza kwa kubadili rangi ya ngozi. Mashine ikasuuza, ikakamua, ikalia, ikanyamaza. Pasi hakusikia kitu. Jioni alipewa onyo na msimamizi wake, la kwanza tangu aajiriwe, naye alilitia sahihi bila kujuta.

Kuanzia hapo akawa mteja wa Miwani, mzee mmoja aliyetandaza vitabu vya mitumba mezani ubavuni mwa duka la viatu. Kwa Miwani unarudisha ulichokisoma, unaongeza hela kidogo, unachukua kingine. Watu walimcheka Pasi. Wenzake walimwambia mama mzima na majoka wapi na wapi. Lakini aliyewazidi wote kwa maneno alikuwa wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada wa mumewe. Ndoa yake ilipovunjika alikuja kwa kaka yake kupumzika kidogo, na mapumziko yakaota mizizi. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule, mwanamke mrefu, msafi, mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya viazi.

"Wifi," alisema kila alipomkuta Pasi na kitabu, "anayefuga joka kichwani asije akashangaa nyumba ikiungua."

"Joka langu halijaunguza kitu. Chungu chako jana ndicho kilichoungua."

Mume akisikia hivyo huchukua mkoba wake wa spana na kwenda kutazama bomba la jirani, hata kama jirani hakumwita.

Basi, Miwani akampa Pasi kitabu kinene kama tofali. Kilihusu nchi ambako mfalme ameifunga mvua gerezani, na mwanamke mmoja, fundi makufuli, akaapa kuifungua. Pasi alikisoma kama mtu mwenye njaa anayekula polepole makusudi. Alikisoma kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine, jikoni akingoja maji yachemke, na Ijumaa moja akaacha sura ya mwisho ili aje aisome Jumamosi mchana, wakati chumba cha kufulia kimetulia. Fundi makufuli alikuwa amefika mlango wa mwisho. Ufunguo ulikuwa umeshaingia tunduni.

Jumamosi mchana Pasi alinawa mikono, akaikausha vizuri, akakaa kwenye kiti chake, akafungua. Sura ya mwisho haikuwemo. Palikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi kando ya uzi, umekatwa sawasawa, halafu jalada.

Alivua aproni, akamwambia msimamizi kwamba tumbo linamsumbua, akatoka kwenda kwa Miwani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

"Umeniuzia maiti isiyo na kichwa," alimwambia, akikitupa kitabu mezani.

Miwani alikiinua, akakisogeza karibu na uso. "Kilipotoka hapa kilikuwa kizima, mama."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo. Tazama. Karatasi zote za humu zimekuwa za manjano pembeni. Hapa palipokatwa ni peupe. Huu ni wembe, na jeraha bado bichi. Tafuta nyumbani kwako."

Maneno hayo yalimkasirisha zaidi kwa sababu yalikuwa na akili. Hata hivyo hakutaka kwenda nyumbani bado. Alichotaka ni mwisho wake. Akaenda maktaba, akamweleza dada wa mapokezi anachokitafuta. Dada yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema vitabu vya namna ile vilishatolewa kwenye rafu.

"Vimetolewa kwa nini?"

"Nafasi, mama. Wasomaji wetu wanajiandaa na mitihani. Vile vya kufikirika havina faida, tumevipeleka stoo."

"Nipeleke stoo, nitakitafuta mwenyewe."

"Stoo haina taa, mama."

"Kwa hiyo mvua ibaki gerezani kwa sababu stoo yenu haina taa."

Dada wa mapokezi alimtazama, akamtazama askari wa mlangoni, na Pasi akaondoka kabla hajaombwa kuondoka. Njiani alikwenda akijisemea. Hakikuwa kitabu tu sasa. Alikuwa mtu wa kufua damu za watu na matapishi ya watu tangu ujana wake, hajamwomba mtu kitu, na kitu kimoja alichojipatia mwenyewe kila mtu alikiona takataka: huyu anakicheka, yule anakitupa gizani, na mwingine amekipitishia wembe ndani ya nyumba anayoilipia kodi.

Nani huyo mwingine, hakuhitaji ramli.

Wifi alikuwa jikoni akichambua mchele. Pasi aliweka kitabu juu ya ungo, juu ya mchele wenyewe.

"Ziko wapi?"

"Ziko wapi nini? Ondoa uchafu wako kwenye chakula."

"Kurasa zangu, wifi. Umezikata."

"Mimi nikate kitabu cha mashetani cha nini? Labda joka limekula mkia wake."

Wakajibizana mpaka mume akatokea mlangoni na taulo shingoni. Kila mmoja akamgeukia. Alitazama kitabu, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ni fundi bomba. Mimi simo."

"Humo?" Pasi alimwuliza. "Nyumba yako, mkeo, dada yako, na wewe humo? Basi leo usiwemo na mezani."

Kuanzia siku hiyo nyumba iligawanyika. Wifi alipika chakula chake, Pasi chake, na mume akala vyote viwili kwa siri, kila upande akisema bado hajala. Wanawake wale walipishana ukumbini kama magari kwenye daraja jembamba. Pasi hakuchukua kitabu kingine kwa Miwani. Alikuwa amekula kiapo cha hasira: asipoupata mwisho ule hasomi tena. Na kwa kuwa hasomi, akawa mkali mara mbili. Kazini aliwafokea wenzake kwa shuka lililokunjwa upande upande, na hata msimamizi akajifunza kugonga mlango.

Lakini kufua nguo za nyumbani hakuacha. Hasira haifui, alisema, na hakutaka wifi yake aguse mashine yake akaiharibu. Jumapili moja aliingiza mkono katika mfuko wa sare nyeupe ya kantini, kama alivyozoea kukagua kila mfuko maishani mwake, akagusa karatasi zilizokunjwa. Alizitambua kabla ya kuzitoa. Zilikuwa na madoa ya mafuta ya kupikia, na zimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo imeanza kukatika.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kupigana. Pasi alifunga mlango wa bafu, akageuza ndoo, akaikalia, akasoma.

Fundi makufuli aligeuza ufunguo. Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na mwanga mweupe, halafu fundi makufuli akasikia mama yake anamwita, akafumbua macho, akajikuta kitandani kwao. Hapakuwa na mfalme, hapakuwa na gereza. Alikuwa ameota. Nje mvua inanyesha kama kawaida. Mwisho.

Chini ya neno la mwisho mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa nguvu hata karatasi ikatoboka: Upuuzi mtupu.

Pasi alikaa juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza katika majuma yale hakujua hasira aielekeze wapi. Alimkuta wifi yake chumbani akipiga pasi kitambaa cha kichwa.

"Ameota," Pasi alisema, akizinyoosha kurasa mkononi.

Wifi alitazama kurasa, akatazama mlangoni ambako sare yake haikuwepo tena, akaelewa. Alizima pasi. "Ameota," alikubali. "Kitabu chote kile. Mlima wa chumvi, yule ndugu yake aliyemsaliti, wale mbwa vipofu. Ameota."

"Ulikuwa unakisoma tangu lini?"

"Tangu ulipokileta. Wewe hulala mapema kwa ajili ya zamu ya asubuhi, mimi zamu yangu huanza saa nne, basi usiku hukaa nacho jikoni."

"Na kila siku unanitukana."

"Ningefanyaje? Nilishasema ni vya mashetani. Nije nikuombe? Wewe?" Sauti ya wifi ilikuwa kali bado, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitambaa. "Ijumaa nikaona umebakiza sura moja. Nikajua ukimaliza utakirudisha kwa yule mzee siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimebakiza hiyo hiyo, na usingizi umenishika. Nikakata. Nilitaka nisome nikurudishie, wallahi. Nikasoma, nikaandika hayo uliyoyaona chini. Nikasema heri nikae nazo, huyu akiujua mwisho huu atakufa kwa presha."

"Ulipaswa kuniambia."

"Naishi nyumba ya kaka yangu, wifi. Sahani si zangu, kitanda si changu. Watu wakinitazama naona wanataka kuniuliza nitaondoka lini, wewe ukiwa wa kwanza. Kile kitabu hakikuniuliza."

Pasi alitaka kujibu na jibu alikuwa nalo, kwa sababu ni kweli alikuwa amewahi kuuliza, tena kwa mumewe, tena kwa sauti iliyopita ukutani. Akalimeza.

"Wembe bado hukuwa na haki nao," alisema hatimaye.

"Sikuwa nayo."

"Na yule aliyetunga mwisho huu, yeye alikuwa na haki gani?"

Hapo wifi aliinua uso. "Huyo ndiye ningempata mimi," alisema. "Kwa sasa tuanze na yule mzee," na wote wawili wakavaa viatu.

Miwani aliwaona wakija bega kwa bega, akavua miwani yake, pengine kwa kuihurumia.

"Ulikuwa unaujua mwisho wa kitabu hiki?" Pasi alimwuliza.

"Naujua."

"Na ukanipa."

"Mama, wengi hawafiki mwisho. Wanaofika huwa wanakuja hivi hivi, mmoja mmoja. Nyinyi ni wa kwanza kuja wawili." Aliinama chini ya meza, akavuta katoni iliyofungwa kamba. "Humu ndimo navitia vya majoka na mambo yasiyokuwepo. Nikiviweka juu wapita njia wananihubiria. Chagueni kimoja bila kuongeza kitu, mnisamehe."

Walichuchumaa pale kando ya barabara. Palikuwa na kimoja cha kijiji kilichojengwa ndani ya nyangumi wa chuma, na cha mganga anayetibu mashine zilizoingiwa na huzuni, na kimoja cha watoto wanaozaliwa wakijua siku zijazo na kusahau kadiri wanavyokua. Pasi alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza wa huyo mganga, moyo umeanza kumwenda mbio, alipoona wifi yake amekigeuza kingine na anasoma ukurasa wa mwisho.

"Unafanya nini?"

"Nakagua kama kuna mtu anaamka."

"Utajiharibia, na utaniharibia na mimi."

"Sitakwambia. Nitatikisa kichwa tu, ndiyo au hapana."

Na hivyo ndivyo walivyofanya tangu siku hiyo. Wifi hukagua mwisho, hutikisa kichwa, kitabu kinakuja nyumbani au kinarudi katonini. Chakula kikawa sufuria moja tena, na mume, aliyekuwa amenenepa, akapungua. Msidhani wanawake wale walipatana. Waligombana juu ya chumvi, juu ya ndoo, juu ya nani alale na nani azime taa. Ila safari ya kwa Miwani walikwenda pamoja kila mwisho wa mwezi.

Tatizo lililobaki ni uso wa wifi. Ulimi wake aliuzuia, uso ulimshinda. Pasi akifika mahali ambapo yule mganga wa mashine anamwamini msaidizi wake, huinua macho na kumwona wifi yake, kule upande wa pili wa meza, amebana midomo na kuangalia dari.

"Umeshaniambia," Pasi husema, akikifunga kitabu kwa kishindo.

"Sijasema neno."

"Basi nenda ukatazame dari ya chumbani kwako."

Wifi huchukua kikombe chake cha chai na kuondoka akinung'unika, na Pasi, damu ikiwa bado inamchemka, hutafuta mstari alipokuwa ameishia.