Ukuta wa Pili wa Kibanda cha Baba

Baba yangu aliacha kupiga gitaa siku tuliyomzika mama, na haikuwa kwa huzuni peke yake. Kwetu, nyumba yenye msiba haigusi ala yoyote mpaka matanga yafungwe, na wanaoyafunga ni ndugu wa marehemu. Waje, wakae, wale, ndipo watamke neno la kuwaachilia wafiwa. Wajomba zangu wako ng'ambo ya mpaka, Kivu ya Kusini, na vita vimeikata njia yao. Basi msiba wetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ukabaki wazi, masika baada ya masika. Mchungaji alimwambia baba kwamba Mungu hakatazi. Baba akajibu kwamba Mungu kweli hakatazi, ila shemeji zake bado hawajamwachilia.

Mimi nauza nguo za mitumba Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, na Jumapili nikipata nafasi naenda kambini kumwona. Jumapili moja nilimkuta anahangaika na vifungo vya shati. Nilipotaka kumsaidia aliuondoa mkono wangu.

"Bidole binaanza kukauka," akasema. "Nisipopiga sasa, sitapiga tena."

"Basi piga, papa."

"Nitapigia fasi gani? Batu batasikia."

Mimi ni mwepesi wa hasira, nikaanza kukunja nguo zake nisije nikatukana mila mbele yake. Lakini alisema kweli, mahali pa kupigia hapakuwapo. Viwanja vyetu vimebanana mno. Ukipiga chafya ndani kwako, jirani anakuitikia pole. Na jirani mwenyewe ni mjane wa milima ya kwetu, mama mzima anayeshika mila kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ndiye aliyetuelekeza siku ya kunyoa na siku ya kuwasha tena moto wa jikoni. Baba humheshimu sana, na humwogopa zaidi.

Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha udongo chenye paa la bati, ambamo baba huweka majembe na mbegu. Nikamwambia tukitengeneze apigie humo, sauti isitoke. Akacheka kidogo, akauliza kama nimewahi kujifungia chini ya bati mchana wa kiangazi. Nilikuwa sijafikiria hilo. Ukiziba matundu upate ukimya, unaiva kama kiazi. Ukiyaacha wazi, kila mtu anasikia. Na mvua ikija, bati linapiga kelele hata gitaa lenyewe hulisikii. Ili apige mwaka mzima, ilitakiwa dari na ukuta wa pili kwa ndani.

Baba alikataa ushauri wangu wa mjini wa kujaza sponji za magodoro. Akajenga ukuta wa pili wa fito, na katikati ya kuta mbili akashindilia nyasi kavu, kama walivyofanya babu zake kule juu kwenye baridi. Alishindilia kwa furaha, na mimi nikamletea nyasi kwa furaha pia, kwa sababu nilikuwa sijamwona akifanya kazi hivyo tangu msiba.

Tulichosahau sote wawili ni moshi. Kule kwetu moto huwaka ndani ya nyumba mchana kutwa, moshi unaingia mpaka kwenye nyasi za ukuta, na mdudu hasogei karibu. Hapa jiko liko nje, na kibandani hakuna anayewasha kitu. Dari tuliiacha hadi mvua zipite. Zilipoisha, baba aligonga ukuta ukalia mtupu. Mchwa walikuwa wamekula nyasi zote na nusu ya fito, na njia yao ya udongo ilikuwa imepanda hadi karibu na msumari uliobeba gitaa.

Alilishusha gitaa akalikagua pande zote. Lilikuwa zima. Akaketi nalo mapajani bila kugusa uzi hata mmoja, na mimi nikatoka nje, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Niliporudi Mbarara nilizunguka kutafuta magodoro mabovu. Nyuma ya kambi ya jeshi nikampata mke wa askari anayeuza vitu vilivyochakaa. Alinitazama nikichagua vipande vilivyotoboka.

"Nyabo, dada yangu, hiyo imekwisha kabisa. Utalalia namna gani?"

"Si ya kulalia. Ni ya ukuta."

"Nyinyi watu ya Nakivale," akasema, "mpaka ukuta mnapatia godoro." Akaniongezea vipande vingine bure.

Tukabomoa, tukachanganya majivu ya kuzuia mchwa kwenye udongo, tukajaza sponji mahali pa nyasi. Darini tukafunga mikeka ya mafunjo, mmoja juu ya mwingine, tukiacha nafasi chini ya bati ili joto lipite. Mlango tukaupigilia magunia. Baba aliingia saa ya jua kali, akakaa, akatoka hana jasho.

"Sasa nitapiga," akasema. "Weye zunguka inje. Ukisikia, unaniambia."

Nikazunguka. Mlangoni, kimya. Ubavuni, kimya. Nilipofika nyuma, upande wa jirani, nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo iliyopenya chini ya paa, pale mikeka isipofika ukutani. Ulikuwa wimbo ambao marehemu mama alikuwa akiuongoza kwenye kwaya. Baba alikosea, akarudi, akakosea tena. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Ndipo nikamwona mama jirani. Alikuwa ameketi na ungo wa maharage upande wa pili wa ua, na mikono yake imesimama. Nikaogopa sana. Neno lake moja lingetosha, na gitaa lisingepigwa tena. Lakini alikuwa amefumba macho, na midomo yake inacheza bila sauti, ikifuata wimbo kwenye sehemu ya wanawake.

Wimbo ulikoma. Baba akazunguka kibanda, akatukuta hivyo, mimi na machozi na mama jirani na ungo wake. Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

"Mumesikia kitu?"

Mama jirani akachukua ungo, akaanza kupepeta.

"Kusikia nini, papa?" akasema. "Siye hatuyasikia kitu. Rudilia, tusikilize tena."

Baba akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akafunga mlango.