Janeffer anaifundisha simu kusikia mtu kwenye mvua ya mawe

Saa nane mchana, mawingu meusi yameshuka juu ya mashamba ya chai ya Silibwet, Bomet. Wengine wanakimbia kuanua nguo. Janeffer Chemutai anakimbilia jikoni kwa Nelvine, mke wa kaka yake, simu mkononi.

"Wacha inyeshe ya kweli," anasema. "Hizi za kudondoka hazinisaidii."

Mawe yanaanza kupiga mabati. Humu ndani hatusikiani.

Kazi ya Janeffer ni kurekodi sauti za watu kwenye kelele. Shirika moja lina laini ya kuita ambulensi. Kompyuta ndiyo inayopokea, inaandika anayosema mpigaji na kumtumia dereva aliye karibu. Ofisini inasikia vizuri. Huku, mvua, mashine ya kukata nyasi na redio ya jirani huimeza sauti ya mtu.

Mwaka jana iliyomezwa ilikuwa sauti ya Nelvine. Alishikwa na uchungu akiwa peke yake, mvua ya mawe ikinyesha. Alipiga simu, akapiga tena. Kompyuta haikuandika kitu. Mtoto hakuishi.

"Nilimkuta sakafuni, simu bado iko kwa sikio," anasema Janeffer. "Nilienda huko ofisini kugombana, wakaniandika kazi. Lakini hasira bado niko nayo, usidhani imeisha."

Kosa alilibaini mapema. Sauti za kwanza za kuifundisha kompyuta zilirekodiwa kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakisoma kwa adabu kama somo la Jumapili. "Sasa mtu anatoka damu ataongea hivyo, kweli?"

Akaomba majirani wapige nduru, ule ukelele wa kuomba msaada. Wakakataa kabisa. Hapa nduru haipigwi bure. Ukiisikia unaacha hata ng'ombe katikati ya kukamuliwa. Alipojaribu mwenyewe, wanaume walimiminika na marungu, Mzee Kipkurui mbele, kiatu mguu mmoja.

"Wewe mama, utatuua na presha!" alimfokea. "Ukituzoesha hivi, siku ya ukweli nani atatoka?"

Swali hilo lilimnyima raha. Siku hizi hutangaza kwanza kanisani kwamba atarekodi, na hurekodi wakati wa mvua tu, nduru isipofika kwa majirani.

Sasa anapaza sauti: "Damu inatoka! Silibwet, kwa Nelvine!" Maneno yanajiandika kwenye kioo cha simu, yote. Anampa Nelvine simu.

Nelvine ana mimba ya miezi minane. Anapiga ukelele kwa maneno hayo hayo, sauti inamkatika. Kioo kitupu. Anarudia huku machozi yakimtoka. Kitupu.

Janeffer anamrekodi hivyo hivyo, tena na tena, mpaka mvua inapungua. Mafundi wameahidi kuifundisha kompyuta sauti hiyo, na anatumaini itamjua kabla hajajifungua.

Na isipomjua?

"Nimeshaleta godoro langu," anasema, akimfunika Nelvine shuka mabegani. "Nalala hapa mpaka azae. Mimi namsikia."