Kiti cha Mama Greda

Mama yangu hakuwa mchoyo wa chakula wala wa nguo. Uchoyo wake wote aliuweka kwenye kiti cha greda.

Kazini walimwita Mama Greda, na jina alilopewa na wazazi wake likasahauliwa hata na shangazi zangu. Greda, kwa asiyelijua, ni lile gari refu lenye ubapa wa chuma tumboni, linalokwangua udongo mpaka njia ilale sawa. Kulisukuma mbele yeyote anaweza. Kuiacha barabara bila mawimbi, maji yakashuka pembeni yenyewe, hiyo ni kazi ya wachache, na kwa mkandarasi wetu alikuwepo mmoja tu. Mteremko aliupima kwa makalio. "Kiti kinaniambia," alisema, na wanaume wakacheka, lakini hakuna aliyembishia.

Mimi nilikuwa mshika bendera kwenye barabara hizohizo. Nasimamisha magari, nakula vumbi, natukanwa na madereva. Nilitaka kupanda greda kuliko nilivyotaka kuolewa. Nilimwomba mama anifundishe kabla sijazaa, nikamwomba tena nikiwa na mtoto mgongoni.

Maopereta wa zamani wana desturi yao. Mtu akisimama mlangoni kutazama, opereta anaachia vishikio na kujifanya anatafuta kitambaa cha kufutia jasho. Kazi haifundishwi, inaibwa, na mwenye nayo anailinda. Hata mimi nilipopanda kumpelekea chai, mama alitafuta kitambaa.

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana nakulisha. Ukishajua wewe, watakuweka hapa kwa nusu ya mshahara wangu. Mimi niende wapi?"

Iliniuma sana, na sitajifanya haikuniuma.

Kisha wakaja watu wa kompyuta. Wakafunga kamera ndani ya greda, wakapitisha waya kwenye vishikio na chini ya kiti, wakamvalisha mama kinasa sauti shingoni. Injinia akamwambia kampuni inataka kumjua opereta bora kuliko wote, na kwamba kila mtu anajua ni nani. Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa upande. Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji. Mama yangu alisifiwa akaleta tembo kali kuliko la siku zote. Alichonga kona, akalaza miteremko, akaingia kwenye matope ambayo zamani angeyakataa. Wakimuuliza kwa nini ameinua ubapa hapa na si pale, anaeleza kwa sauti, anacheka, anaongeza ambayo hawakuuliza. Nilikuwa namsikia kutoka kwenye bendera yangu, nimekunja uso.

"Mbona hawa huwatafutii kitambaa?" nilimuuliza tukiwa tunanawa vumbi.

"Nani? Zile ni waya tu, mwanangu. Umeona wapi waya ikamnyang'anya mtu kiti?"

Maisha yake yote alimwogopa binadamu. Alilinda mlango, dirisha akaliacha wazi.

Greda jipya lilipoletwa halikuwa na kiti kabisa. Liliwaka lenyewe, likashuka kwenye barabara ya majaribio, nasi tukapanga mstari kutazama. Lilipofika penye kalavati likainua ubapa kidogo upande wa kushoto, likasita kama mtu anayevuta pumzi, ndipo likaendelea. Mkono ule niliujua. Nimeutamani tangu utoto, ningeshindwaje kuujua?

"Yule ni mimi," mama alisema, polepole.

Injinia akampa mkono, akamshukuru kwa mchango wake. Mchango! Kana kwamba tulikuwa harusini. Maopereta wote wakaachishwa kazi. Mimi nikabakizwa, maana madereva bado wanahitaji mtu wa kumtukana.

Mama akakaa nyumbani akigombana na sufuria. Halafu Jumapili moja asubuhi nikamkuta ameweka kigoda katikati ya chumba, na mbele yake amesimamisha miiko miwili ndani ya ndoo ya mchanga.

"Njoo ukae. Leo nakufundisha. Yote, sikufichi kitu."

"Ya kufanyia nini sasa, mama?"

Nilisema kwa ukali, na ningeweza kusema kwa ukali zaidi. Yeye akakipiga kigoda kwa kiganja, kwa amri ileile ya zamani, nami nikakaa kwa sababu ni mama. Akaninyoosha mgongo. Akaninyanyua kiwiko.

"Legeza vidole. Usikishike kishikio kama unakinyonga. Ukifika penye kalavati, kiti kitakuambia…"

Nikageuka kumtazama, nikaona anakumbuka kwamba maneno hayo alishayasema, yote, tena kwa kicheko, na si kwangu.