Nilivyofukizwa Pamoja na Madera ya Mke Wangu

Mkitaka kunicheka chekeni, mimi nimeshajicheka mpaka mbavu zimezoea, ila naomba habari hii isifike kwetu Kakamega, maana kule mwanaume kuonwa na mama mkwe akiwa na kaptula tu ni mkosi wa kuchinjiwa kondoo (nami nilionwa na kaptula, na dera la mke wangu limenizonga shingoni). Wivu wangu mwenyewe ndio ulionitia humo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilinunua lori kuukuu, nikalijengea nyumba mgongoni, kitanda, jiko la gesi, kabati la nguo, kisha mimi na mke wangu Fartun tukatoka nalo kuzunguka, tukafika Garissa alikozaliwa yeye, tukaegesha kando ya mto Tana, ubavuni mwa shamba la ndizi. Sasa elewa jambo moja: mama yake, ambaye wote humwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, alikuwa hajanikaribisha kwake hata siku moja tangu tuoane, miaka mitatu, ati binti yake ameolewa na mtu asiye na mlango wa nyumba. Safari yote ile nilikuwa natafuta neno moja tu kutoka kwa mama huyo: karibu.

Siku ya tatu ilikuwa shwari kabisa, mto umetulia, nyani wanaiba ndizi, mimi nimejilaza mkekani. Simu ya Fartun ikalia. Akaongea Kisomali huku anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu fungate, na katika maneno yote nikaambulia mawili, "Dahir" na "kaalay", yaani njoo. Akakata simu, akanigeukia na sauti ya asali.

"Juma, nenda mjini utununulie nyama ya ngamia, ile laini. Usiharakishe. Rudi baada ya adhuhuri."

Usiharakishe! Jamani, tangu lini? Nilifika kona ya shamba, moyo ukakataa, nikarudi kwa nyuma wakati Fartun anaanua nguo, nikapanda kimya kimya nikajificha kabatini, nikijiambia ni dakika tano tu nimjue huyo Dahir ni nani. Joto la Garissa halina simile, na kabati ni la bati. Nikavua shati, kisha suruali.

Kabati hilo nililiwekea komeo kwa nje ili mlango usipigepige njiani, na nikatunga sheria: apitaye akikuta komeo liko wazi, alifunge. Fartun akaingia na nguo zake, akapita, akafunga. Mke mtiifu!

Kupitia upenyo wa mlango nikamwona Dahir akipanda ngazi, kijana mrefu, kikoi kimenyooka, kibuyu cha maziwa na fimbo mikononi, mzuri wa sura mpaka nikamchukia hapo hapo. Fartun akavua mtandio (nywele zile mimi nilisubiri mpaka baada ya nikahi kuziona!) akamkumbatia. Damu ikanichemka, nikasukuma mlango nitoke nikampe adabu, mlango ukagoma. Kazi yangu huwa imara, bahati mbaya.

Kabla sijapiga kelele nikasikia salamu ya mwanamke mzee anayepanda ngazi polepole, sauti ile ile iliyokuwa ikinikatia simu miaka yote. Hooyo! Nikanywea.

Na huko mgeni wa heshima haketishwi ndani ya nyumba isiyonukia. Fartun akawasha uunsi, ubani wao ule mzito, akakisukuma chetezo chini ya kabati kama afanyavyo kila siku, maana mimi fundi hodari nilitoboa matundu huko chini ili madera yake yafukizwe. Moshi wote ukapanda kwangu. Nikameza kikohozi cha kwanza, cha pili nikakizima kwa dera, cha tatu kikanishinda.

"Nyani!" Hooyo akapiga ukelele. "Nyani iko ndani ya nguo!"

Dahir akainua fimbo yake, akavuta komeo, nami nikamwagika miguuni pa mama mkwe. Hooyo akajifunika uso akageukia ukuta. Nami, kwa adabu za kwetu, nikageukia ukuta wa pili. Dahir akabaki katikati, fimbo hewani.

"Waryaa, shemeji," akasema taratibu, "sisi tumeambiwa wewe iko sokoni."

Fartun akanigeukia. "Ulikuwa unanivizia? Dahir ni ndugu yangu, Juma! Mama yake alipofariki, Hooyo alimnyonyesha pamoja na mimi, tumenyonya ziwa moja, nilikuambia siku ya nikahi! Wiki nzima anambembeleza Hooyo aje aone ninavyoishi, na Hooyo akakubali kuja wewe ukiwa hupo, kwa heshima yako."

Heshima yangu, na kaptula ile.

Mabega ya Hooyo yakaanza kutikisika, nikajua analia, nimekwisha. Kumbe anacheka.

"Mimi nilisema mwanaume hii hana mlango," akauambia ukuta, kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Kumbe mlango iko. Yeye anakaa nyuma yake. Haya, karibu kwangu Ijumaa. Lakini vaa nguo kwanza."

Basi neno nikalipata, na Ijumaa nilikula kwake mpaka nikashindwa kuinuka. Kabati nimeling'oa mlango, nimeweka pazia, na nimeapa sitamvizia mtu tena maishani. Lakini Fartun siku ile hakucheka. Tangu hapo simu yake ikilia, hata akiwa ni Dahir, anaiweka mezani kwa sauti ya juu, ananitazama, ndipo anaitika. Sijamwomba afanye hivyo, tena nimemsihi aache.

"Sikiliza tu, Juma," huniambia, "usije ukavua nguo bure." Anaongea vizuri, hafichi kitu. Ila kicheko kile hakijatoka tena.