Gari Lililotupandisha Kilimani

Siku ambayo gari lilitaka kuninyima mume naikumbuka vizuri, mwanangu, hata kama miwani yangu sijui nimeiweka wapi. Kaa hapa. Nimesikia unataka kununua lile gari jekundu la turbo ulilonionyesha kwenye simu, na kwamba waranti yake imekwisha lakini eti linapaa. Sikatai. La babu yako pia lilikuwa linapaa.

Miaka hiyo ya hamsini babu yako alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la mzungu, huko Mau Narok. Mzungu huyo alikuwa na gari la mashindano, refu mbele, viti viwili tu, na likinguruma ng'ombe wanaacha kula. Gereji ya Nakuru ilikuwa imemwahidi kulitengeneza bure kwa muda fulani, na kweli halikukosekana huko gereji. Muda ulipokwisha, mzungu akamwita babu yako, akamshukuru kwa kazi nzuri, akamkabidhi ufunguo. Babu yako akarudi nyumbani analia kwa furaha. Hakujiuliza kwa nini mzungu naye alikuwa na furaha namna ile.

Stata, ile ya kuwashia injini, ndiyo iliyokufa kwanza. Gereji wakamwambia sasa hiyo ni shida yake, na spea itatoka Uingereza kwa meli, labda. Basi akajifunza kuishi na miteremko. Anaegesha gari likitazama chini, akitaka kuondoka anaachia breki, linateremka, anaingiza gia, linawaka. Aliacha hata kanisa la jirani akahamia la kilimani, na mchungaji akamsifu kwa bidii ya kupanda kumtafuta Mungu. Ukimuuliza habari za rafiki yake fulani, anakwambia ni mtu mzuri sana, lakini kwake ni tambarare.

Na kwetu, Rongai, ni tambarare kama meza.

Siku ya koito, yaani siku wazee wanapokuja kuomba msichana, nilikuwa jikoni na mama, roho juu. Nilimtaka yule mwanaume, nisikufiche. Akaja na mjomba wake, mzee mnene aliyekuwa msemaji wao, wamebanana kwenye vile viti viwili mpaka mjomba akatolewa kwa kuvutwa. Babu yako hakuzima gari, angelizimaje? Akaliacha likinguruma nje ya dirisha. Wazee wakazungumza ng'ombe wa mahari kwa kupigiana kelele, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, akaanza kukunja uso. Kisha gari likachemka, likakohoa, likanyamaza lenyewe.

Wakati wa kuondoka, wazee wakavua makoti yao ya kanisani wakasukuma. Baba pia. Mvua ilikuwa imenyesha, wanateleza tu. Akabaki mama. Sasa kwetu, mwanangu, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali, hawakaribiani, hata macho hawakutanishi. Mama akajifunika shuka kichwa kizima, akaja nyuma, akasukuma bila kuona mbele. Babu yako, kwa kumheshimu, akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama mawingu. Gari likawaka, likammwagia mama matope kuanzia shuka hadi miguu, likaondoka. Na mjomba? Mjomba alikuwa bado chini. Babu yako aliogopa kusimama lisije likazima tena, akawa anazunguka boma akipiga honi, mlango wazi, mjomba anakimbia kando na fimbo yake. Mwishowe mzee akakaa kwenye nyasi, akasema yeye hahami tena. Gari likatokomea na babu yako peke yake.

Baba alisimama pale na matope mpaka magotini. Nikajua mume sina. Nililia, mwanangu, nililia waziwazi.

Aliyeniokoa ni mama. Alijifunua shuka, akajitazama, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia baba kwamba kijana anayekumbuka kugeuza kioo katika shida kama ile amelelewa. Baba akamgeukia mjomba, aliyekuwa ameshapewa nyama, akasema, "Binti nitampa. Lakini aape kwamba hatamsukumisha hilo gari hata siku moja."

Mjomba akaapa kwa niaba yake, mdomo umejaa.

Na babu yako alishika kiapo hicho. Tulipokuja huku Keringet alionyeshwa kiwanja kizuri kando ya mto, udongo laini, tambarare. Akakikataa. Akajenga hapa juu, ili gari liwake lenyewe bila mkono wangu. Sijalisukuma kamwe. Nilibeba maji tu, asubuhi na jioni, nikiwa na mimba au mtoto mgongoni, napanda na debe, naye anateremka na gari ananipungia mkono.

Ndilo hilo makuku yanataga ndani yake sasa.

Kwa hiyo nisikilize. Usiulize hilo jekundu linakimbia namna gani. Ukipanda mlima wa Sachangwan nyuma ya lori, nyote mnakwenda mwendo mmoja. Uliza spea zake ziko Nakuru au mpaka zisafiri. Weka akiba ya matengenezo kabla hujalinunua, si baada ya kuzimika njiani. Muulize mwenyewe kwa nini anauza, na akifurahi sana kukupa ufunguo, mrudishie. Halafu huyo msichana unayetaka kumuoa, mwambie mapema, kwa sababu shida za gari hilo hutazibeba peke yako.

Mungu akujalie uende na urudi, mwanangu. Akupe nyumba mahali tambarare karibu na maji, na gari likuwakie palepale ulipoliacha. Haya, chukua mtungi huo ukanichotee maji. Mto bado uko kulekule chini.