Pikipiki Iliyochafua Posa Yangu

Nitawaambia, lakini mkicheka chekeni kwa adabu, maana aibu ni yangu na mke wangu yuko hapo jikoni anasikia (na yeye ndiye atakayecheka zaidi, mtamsikia wenyewe).

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa fundi cherehani Kilifi, nikanunua pikipiki iliyokwisha kupita kwa wenyewe wanne, na wote wanne nilipata kuwaona kwa macho yangu wakiisukuma. Fundi wa gereji aliniambia waziwazi, "Ndugu yangu, hii naijua kuliko ninavyowajua wanangu. Ikipata moto inazima, na ikizima haiwaki mpaka isukumwe." Nikamjibu, aah, hao hawakujua kuitunza. (Na mimi je? Mimi nilijua kushona kanzu.)

Niliitaka kwa ajili ya Mwanamisi wa Shella, kule Malindi, niliyempenda hata sindano ikawa inanichoma vidole. Siku ya posa ikafika, na desturi mwaijua: mposaji hukaa nyumbani, wazee ndio huenda. Ami yangu Athumani, niliyefikia kwake huko Malindi, akanikazia macho. "Wewe kaa hapa hapa. Sitaki kukuona Shella hata kivuli."

"Inshallah, ami," nikasema. Basi alipotoka tu nikajiambia, hebu nipite mara moja, Mwanamisi anione dirishani nimepanda, kisha nirudi, nani atanijua nami nimevaa miwani myeusi, na baba yake hajapata kunitia machoni?

Naingia kichochoro chao naibinya honi, kufika mbele ya baraza, ile ile walipokaa wazee, pikipiki ikakohoa mara mbili ikazima. Wazee wote wananitazama, vikombe vya kahawa mkononi, na ami yangu ameinamisha kichwa kama anayehesabu vidole vyake vya miguu.

Mzee Bakari, babake Mwanamisi, akasimama. "Masikini, mwanangu, umekwama? Ngoja nikusukume."

"La, mzee wangu, usitaabike," nikasema kwa sauti ya puani.

"Hapana taabu."

Akaikunja kanzu yake nyeupe pe, aliyoivaa kuwapokea watu wangu mimi, akasukuma mpaka akahema. Nikatia gia, nikaachia klachi, ikalipuka pwaa! Masizi ya wenyewe wanne yakamrukia kifuani hadi ndevuni, nayo ikazima tena. Nikavua miwani. Ardhi ingepasuka siku ile ningeishukuru.

"Mwana wa nani huyu?" akauliza Mzee Bakari, akijipangusa.

Ami yangu akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiye huyo tuliyemjia."

Jamani! Mzee akanitazama, akaitazama kanzu, akaingia ndani. Nikajua Mwanamisi amenitoka, na siwafichi, machozi yalinilenga. Mara tukasikia kicheko cha mwanamke huko ndani, kirefu, hakikatiki. Mzee akatoka naye anajizuia kucheka (jibu la posa hungojwa siku kadhaa, langu halikungoja hata kahawa ipoe).

"Binti amekubali," akasema. "Ila mahari yake ameitaja mwenyewe. Anataka hiyo pikipiki."

Nikafikiri, loo, ameipenda! Mjinga mimi. Siku ya pili baada ya harusi aliiegemeza ukutani uani, akafunga tenga la majani juu ya kiti, akaleta kuku wake watage. Nilipofungua mdomo akaniambia, "Bwana, hiyo ni mahari yangu, na mahari ya mtu haiguswi." Nikaenda kumshonea baba mkwe kanzu mbili mpya.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema, lakini mimi guu langu lilipona, nikapata mke, na nina raha zangu. Chombo chenye injini sijanunua tena wala sitanunua, na nikiambiwa kaa, nakaa. Ila mpaka leo, nikitaka yai, sharti nimwombe ruhusa mwenye pikipiki.